Sinia la Ijumaa

Waya haurudishwi mpaka vikombe vyote viwe vimelala mdomo chini. Amri hiyo haikubandikwa ukutani, wala hakusomewa mtu yeyote siku ya kuajiriwa. Hata hivyo hapakuwa na mtu katika ofisi ile asiyeijua. Mpelelezi aliisikia kwa meneja mlangoni, akaisikia tena kwa mhasibu ukumbini, na alipoketi mbele ya mwenye kampuni akaisikia kwa mara nyingine, kila mmoja akiitamka kama mtu anayetaja jina la babu yake.

Ofisi yenyewe ilikuwa orofani, juu ya duka la vioo: chumba kimoja kirefu chenye meza za kazi, chumba kidogo cha mwenye kampuni, na jiko ambalo watu wawili hawakuweza kupishana ndani yake bila kuombana radhi. Ofisini humo walitengeneza tovuti na programu za simu kwa ajili ya wateja. Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, kazi za wateja ziliwekwa kando, na kila mtu akafanya jaribio lake mwenyewe, lolote alipendalo, hata likiwa la kipuuzi. Mmoja aliwahi kutengeneza saa inayorudi nyuma. Mwingine alitengeneza programu ya kuhesabu mara ambazo meneja husema “kimsingi” katika kikao kimoja. Naye meneja, kwa sifa yake, aliicheka kwanza ndipo akaipiga marufuku.

Ili michezo hiyo isiwafikie wateja, waya wa buluu uliounganisha ofisi na mitambo yao ulichomolewa na kutundikwa msumarini. Aliyemaliza na kuzima jaribio lake aliosha kikombe chake, akakilaza mdomo chini juu ya sinia kando ya sinki. Ambaye jaribio lake lilikuwa bado linaendelea alikiacha kimesimama. Jioni meneja alitazama sinia. Vikombe vyote vikiwa vimelala, aliurudisha waya. Kimoja tu kikiwa kimesimama, waya ulibaki msumarini mpaka Jumatatu.

Sasa ilikuwa Jumatatu, waya ulikuwa umechomolewa tena kwa hofu, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akifanya kazi.

Mwenye kampuni alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu wa mgongo na wa kauli. Wafanyakazi walimwita Dada Mkubwa, kwa kuwa meneja alikuwa mdogo wake wa tumbo moja na wengine waliiga kwake. Alimmiminia mpelelezi chai, akamweleza shauri lake kwa mpangilio. Miongoni mwa wateja wao ilikuwamo kliniki moja. Kwa ajili ya kliniki hiyo walitunza mtambo uliowapigia wagonjwa simu, siku za kazi tu, na kuwakumbusha dawa kwa sauti laini ya msichana. Jumamosi asubuhi, siku ambayo mtambo ulipaswa kunyamaza, wagonjwa walipigiwa simu na sauti nyingine kabisa. Mmoja wao aliirekodi. Dada Mkubwa aliweka simu yake mezani na kubonyeza.

“Wewe,” ilisema sauti nzito ya mwanamke. “Dawa umekunywa? Usinidanganye, nakujua. Simama. Chukua maji. Kunywa sasa hivi, mimi nasubiri.” Kikafuata kimya kirefu, na ndani yake pumzi za mtu anayesubiri kweli. “Haya. Na kesho nitapiga tena.”

Mpelelezi, aliyekuwa ametumikia polisi hadi kustaafu na ambaye sasa alishughulika na mambo ambayo watu hawakutaka yafike kituoni, alijikuta amekaa wima zaidi kitini.

Daktari mkuu wa kliniki hakuona la kuchekesha. Namba za wagonjwa ni siri, alisema. Aliyeweza kuwapigia ni mtu aliyeziiba. Alikuwa ametoa muda mpaka saa kumi alasiri ya siku hiyo. Apewe jina la mwizi, ama avunje mkataba na kulipeleka jambo polisi. Na kliniki hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya ofisi. Ikiondoka, paa lingefuata.

“Jina lipo tayari, Afande,” alisema meneja, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote. “Kikulacho ki nguoni mwako. Ni yule binti mgeni. Kimsingi, sauti ile ni jaribio lake. Na Ijumaa hiyo hiyo aliniuliza mtambo wa kliniki unaweza kupiga simu mfululizo mara ngapi. Mtu huuliza hivyo kwa nini?”

Dada Mkubwa alisema hawezi kumtia mtoto wa watu mikononi mwa polisi kwa swali moja. Lakini kama ni yeye, alisema, atamtoa, maana hapo hapana huruma itakayowaokoa wengine. Mpelelezi alikunywa funda la mwisho. Kabla hajakiweka kikombe sawasawa, mwenye kampuni alikuwa amekwisha kukichukua na kutoka nacho. Maji yakasikika sinkini, kisha kitambaa, kisha mlio mdogo wa kauri juu ya bati. Alirudi akikausha vidole.

“Nianzie kwa mwenye sauti,” mpelelezi alisema.

Mwenye sauti hakuhitaji kutafutwa. Alikuwa mhasibu, mama mnene mwenye miwani iliyoning’inia kwa mkufu, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Mpelelezi alimtambua kabla salamu haijaisha.

“Sauti ni yako, mama.”

“Ni yangu, kaka yangu, siikani. Hata jirani yangu mgonjwa amenipigia. Anasema alikunywa dawa amesimama wima kama mwanafunzi, ndipo akajiuliza nimejuaje.”

Alieleza kwamba Ijumaa mchana yule binti alimjia na simu mkononi, akamwomba amgombeze mtu. Alipouliza ni nani wa kugombezwa, akaambiwa ni mzee mmoja asiyekunywa dawa zake. Mpelelezi aliuliza kama hakutaka kumjua mzee huyo.

“Wa nini? Mimi kugombeza siombwi mara mbili. Na mzee asiyekunywa dawa, hata nisipomjua, namjua.” Kisha akashusha miwani. “Nisikilize, kaka. Yule mtoto hata kalamu akiazima huirudisha na kifuniko chake. Ukitafuta mwizi hapo, utachoka bure.”

Mpelelezi aliitikia kwa kichwa. Katika utumishi wake alikuwa amewafunga wezi kadhaa waliorudisha kalamu.

Binti mwenyewe, mtengeneza programu, aliitwa Kimya, na jina lilimtosha. Alikuwa hajamaliza hata mwaka kazini. Alikaa kwenye meza ya pembeni, mikono magotini. Laptopu yake ilikuwa imefungwa na kuwekewa kitabu kizito juu, kwa amri ya meneja, kana kwamba ingeweza kuruka. Mpelelezi alivuta kiti, akaketi kando yake badala ya mbele yake. Meneja aliwafuata, akasimama.

Aliuliza polepole, naye akajibu kwa maneno machache. Jaribio lilikuwa la baba yake. Mzee alikaa peke yake tangu mkewe afariki, na dawa za presha alizisahau kwa makusudi. Hakuwa mgonjwa wa kliniki ile, na Kimya alipomjaribia sauti yake laini, aliikatia simu. Alisema haongei na watoto asiowajua. Mtu pekee aliyewahi kumtii maishani ni dada yake mkubwa, marehemu, ambaye hakujua kubembeleza. Ndipo Kimya alipomkumbuka Shangazi. Alichukua nakala ya mtambo wa kliniki, kama walivyofanya wote katika majaribio, akaipa sauti ile na kuiagiza ipige Jumamosi asubuhi. Waya ukiwa umechomolewa, mtambo haukuwa na namba za wagonjwa. Ulipiga zile za majaribio tu, kwa laini ya laptopu yenyewe, na hizo alikuwa amezifuta zote akabakiza ya baba yake.

“Na swali la kupiga mfululizo?” mpelelezi aliuliza.

“Baba hapokei simu ya kwanza, mzee. Wala ya pili. Hupokea ya tatu, akishaona mtu hakati tamaa.”

“Kikombe chako Ijumaa ulikiachaje?”

“Kimesimama. Kilikuwa na chai hata. Nilijua jaribio litaendelea mpaka Jumamosi, nikakiacha kwenye sinia ili waya usirudi.”

“Si kweli,” meneja alisema. “Afande, mimi niliviona kwa macho yangu. Vyote vimelala. Ningerudishaje waya?”

Kimya hakumtazama. Mpelelezi naye hakugeuka. Waya uliporudi wakati jaribio linaendelea, hapo ndipo mtambo ulipozipata namba halisi na kumpigia kila mgonjwa. Hilo lilikuwa wazi kwa wote watatu. Kilichobaki kilikuwa kimoja. Ama binti alikilaza kikombe chake kwa hila akijua kitakachotokea, ama meneja aliurudisha waya bila kujali, na sasa mmoja wao alikuwa akimsukumia mwenzake gereza.

“Baba yako Jumamosi alipigiwa?” mpelelezi aliuliza.

“Hakupigiwa. Ndiyo maana leo nimewahi. Nilidhani jaribio limeharibika.”

“Mpigie sasa. Tusikie sote.”

Simu iliita ikakatika, ikaita tena ikakatika. Katika mara ya tatu sauti ya mzee ikaitika kwa kukwaruza. Kimya akamwamkia, mzee akaitikia marahaba, kisha bila kungoja kuulizwa akaanza kulalamika kwamba yule mama aliyeahidiwa hakupiga. Alikaa Jumamosi nzima amevaa shati safi, na mama hakupiga. Kimya alisema atapiga, Baba, leo atapiga. Alipokata simu macho yalikuwa yamemjaa, lakini hakulia.

Mpelelezi aligeuza kiti. Kisha akamweleza meneja, kwa sauti ya mtu anayesahihisha hesabu ya mwanafunzi, kwamba mtu anayeiba kisima hakosi kujichotea. Kama binti alipanga waya urudi, alijua pia kwamba mtambo ungeziacha namba za majaribio na kushika za wagonjwa, na mzee wake angekosa simu. Jaribio zima lilikuwa la mtu mmoja, na mtu huyo ndiye pekee aliyeachwa. “Kwa hiyo tumwache kwa sasa,” alisema. “Nionyesheni jiko.”

Jikoni palikuwa pamefungwa tangu Jumamosi, habari ilipofika. Hakuna aliyeruhusiwa kuosha wala kupanga kitu, isipokuwa kile kikombe cha mgeni. Sinia lilikuwa mahali pake. Mpelelezi aliinama akalitazama kwa muda, mikono nyuma, kama mkaguzi wa mabweni. Alipoinuka aliona kwamba mchoraji wa ofisi, kijana mwenye vidole vya wino aliyeitwa Rangi, alikuwa amesogea mlangoni na kwamba jicho lake lilipanda juu ya kabati, likashuka, likapanda tena.

Mpelelezi alinyoosha mkono juu ya kabati. Akashusha simu kuukuu, imefungwa kwa mpira kwenye kopo la biskuti, jicho lake la kamera likielekea chini kwenye sinia.

Meneja alisema jambo kuhusu wapelelezi wa ndani ambalo mpelelezi wa nje hakulipenda. Rangi alisema kwamba lilikuwa jaribio lake.

“Jaribio halifichwi hapa,” meneja alisema.

“Ni la sikukuu ya kuzaliwa ya Shangazi, kaka. Ningelionyeshaje?”

Alieleza kwamba kila Ijumaa, anapoondoka, hupiga picha moja ya sinia. Picha hizo angezipanga ukutani kuwa picha moja kubwa, kwa maana Shangazi ndiye aliyeanzisha desturi ya vikombe, baada ya mchezo wa mtu mmoja kuwahi kuzima tovuti ya duka la viatu mchana kutwa. Hakuna aliyekuwa akichunguzwa. Alipoulizwa ni picha gani aliyopiga Ijumaa hii, alisema hakumbuki. Vikombe ni vikombe.

Walifungua picha. Ilikuwa pale, na mwanga wa alasiri ukiangukia vikombe: kile kikubwa cha Shangazi kimechukua nafasi ya viwili, cha Rangi kimelala ukingoni karibu kuanguka, mikono ya vikombe imetazama huku na kule kama watu wanaosubiri basi. Na katikati yao kikombe cha kijani cha Kimya, chenye pengo mdomoni, kimesimama. Ndani yake chai ilionekana.

Kimya alikuwa ameinuka kutoka mezani kwake, naye aliiona. Kisha macho yote yakamhamia meneja.

“Mimi nilikuta vimelala,” meneja alisema. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. “Kimsingi... jamani, mimi nilikuta vimelala.”

“Nani alibaki baada ya mchoraji?” mpelelezi aliuliza.

“Hakuna. Mimi nilikuwa chini na mwenye nyumba. Nilipopanda hapakuwa na mtu.”

Mpelelezi aliitia ile simu mfukoni. Alichukua kofia, akashuka ngazi. Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na duka la vioo, na alikuwa akikata kioo cha dirisha, hivyo mpelelezi akamngoja mpaka kipande kiachane na kipande. Alisema ndiyo, Ijumaa jioni meneja alisimama naye hapo hapo, wakibishana juu ya bati linalovuja, na hakutoka mpaka wote wawili walipochoka. Yule kijana wa wino alishuka wakati huo, akawaaga. Baada yake? Baada yake hakushuka mtu. Alifikiri kidogo. Alipanda mtu, akashuka. Lakini huyo si wa kuulizwa, alisema, ni mwenyewe Dada Mkubwa, alisahau funguo za gari. Aliwasalimu vizuri sana.

Mpelelezi alimshukuru. Alipanda ngazi kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akaenda moja kwa moja jikoni, na safari hii alilitazama sinia kwa kitambo kifupi tu.

Aliwaita wote. Jiko halikuwatosha, wakajipanga mlangoni: Shangazi mbele, Rangi nyuma yake, Kimya kando, meneja akijifuta paji la uso. Dada Mkubwa alikuja mwisho, akauliza kama jina limepatikana, maana saa tisa ilikuwa imepita.

“Tazameni picha, kisha mtazame sinia,” mpelelezi alisema. “Msitazame kile kikombe cha kijani. Tazameni vingine.”

Walitazama. Kwenye picha vikombe vilikuwa vimetawanyika. Kwenye sinia vilikuwa vimepangwa mstari, kikubwa mpaka kidogo, mikono yote imeelekea dirishani, na chini yao kitambaa kilichokunjwa kwa pembe nne zilizokutana. Kikombe cha kijani kilikuwa cha mwisho, kimelala, kikavu. Na kando yake, mkono wake ukielekea dirishani kama ndugu zake, kikombe alichonywea mgeni chai asubuhi hiyo.

“Hiki cha kwangu najua nani aliosha,” mpelelezi alisema. “Dada, Ijumaa jioni ulipopanda ulifanya nini?”

“Nilichukua funguo mezani kwangu, nikaondoka,” alisema Dada Mkubwa. “Sikugusa kitu.”

“Hukuosha kikombe?”

Alifungua mdomo kukana. Kisha akaitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa imeshika kitambaa cha vyombo alichokiokota mlangoni bila kujua. Hakuwa amesema uongo. Mtu haulizwi kama jana alipumua akakumbuka.

“Kilikuwa na chai iliyopoa,” alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. “Nikasema, kitaota utando mpaka Jumatatu. Nikakiosha. Nikavinyoosha na vingine.”

“Ni kweli,” meneja alisema, na pumzi ikamtoka kama mtu aliyetua mzigo. “Afande, ni kweli kabisa. Sisi mama alitulea hivyo. Ukiacha kikombe kichafu, usiku unakikuta kitandani mwako, juu ya mto. Mimi niliacha kuacha. Huyu hakuwahi hata kuanza.”

Dada Mkubwa alikuwa nje kwa wateja kila Ijumaa alasiri. Amri aliijua kwa kuisikia, kama wanavyozijua sheria za mpira watu wasioucheza. Hakuwahi kusimama mbele ya sinia lile jioni na kulisoma. Kwake kikombe kilichosimama kilikuwa uchafu, wala hakukiona kuwa ni neno la mtu. Alikilaza, na kwa kukilaza akasema kwa niaba ya binti yule jambo ambalo binti hakulisema: nimezima. Mdogo wake alipanda, akaisoma kauli hiyo, akaitii kama alivyopaswa.

“Amri yenyewe ilikuwa na nusu ya pili,” Shangazi alisema. “Kila mtu hulaza chake kwa mkono wake. Hatukuwahi kuitaja. Hebu niambieni, katika ofisi hii, nani angetegemewa kuosha kikombe cha mwenzake bila kushurutishwa?”

Rangi alicheka kwanza, akajizuia, akashindwa.

Mpelelezi alipiga simu kwa daktari mkuu yeye mwenyewe, kutoka chumba cha mwenye kampuni, mlango ukiwa wazi. Alieleza mambo kwa mfuatano wake, bila kupamba. Hakuna namba iliyotoka. Mtambo wa kliniki uliwapigia wagonjwa wa kliniki, kwa siku isiyo yake na sauti isiyo yake, na hakuna mkono wa binadamu uliozishika namba hizo kabla wala baada. Jaribio lilikuwa la halali na lililindwa kwa utaratibu. Kosa lilikuwa la usafi, na aliyelitenda ni mwenye kampuni. Hapo alimpa Dada Mkubwa simu, naye akakiri kwa kinywa chake na kuomba radhi pasipo kutafuta pa kujificha.

Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Alisema atataka maelezo hayo kwa maandishi, kufuli la kweli mahali pa waya na msumari, na wagonjwa wote wapigiwe na kuombwa radhi na ile sauti laini ya msichana. Mambo hayo yakifanyika, alisema, mkataba ubaki na polisi wasisumbuliwe. Kisha akakohoa. Kulikuwa na jambo jingine. Asubuhi hiyo walikuja kuchukua dawa wagonjwa ambao kliniki ilikwisha kuwakatia tamaa. Mzee mmoja aligoma kuondoka mpaka aahidiwe kwamba yule mama hatapewa habari kuwa alichelewa. Je, mama huyo yupo?

Dada Mkubwa alimtazama Shangazi kupitia mlangoni na kumweleza. Shangazi alivaa miwani yake.

“Mwambie nitafikiri,” alisema. “Nisije nikaonekana rahisi.”

Meneja aliinua kile kitabu kizito kutoka juu ya laptopu ya Kimya. Hakukiondoa tu, alikirudisha rafuni, akaifuta laptopu vumbi kwa mkono wa shati, akasimama akitafuta maneno. Alisema kwamba alimkosea, na kwamba hakulitaja jina lake kwa chuki ila kwa hofu, na hofu si udhuru. Kimya alitikisa kichwa kuitikia, akaifungua laptopu. Kwa mtu wa maneno yake, hiyo ilikuwa hotuba.

Ilibaki adhabu. Nayo ilijulikana na wote: anayevunja amri ya sinia huosha vikombe vya wote mbele ya wote, na vikikauka jambo halitajwi tena. Meneja alipendekeza kwamba dada yake asamehewe, kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa adhabu tosha. Dada Mkubwa alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni.

“Amri isiyomfika mkubwa si amri,” alisema. “Ni kelele.”

“Angalieni maajabu,” Shangazi alisema akimpa kikombe chake kikubwa. “Kosa lake ni kuosha kikombe, na adhabu yake ni kuosha vikombe. Huyu tumemwadhibu au tumemtunza?”

Wote walicheka, hata aliyeadhibiwa, na kilikuwa kile kicheko cha watu waliokuwa wamebana pumzi tangu asubuhi. Chai ilimiminwa, ikanywewa wamesimama, vikombe vikamrudia kimoja kimoja. Alivisugua, akavisuuza, akavilaza. Mpelelezi alimpa cha kwake mwenyewe, akaona mkono wa kikombe ukielekezwa dirishani, akaukubali ulimwengu ulivyo.

Kilibaki cha kijani. Kilikuwa mezani kwa Kimya, kimesimama, chai imefika nusu na imepoa. Dada Mkubwa alikuja na kitambaa begani, mkono ukatangulia kwa mazoea, ukasimama hewani.

“Hiki je?” aliuliza.

“Bado, Dada. Baba hajapokea.”

Mkono ukarudi. Dada Mkubwa alisimama kando ya meza, akangoja. Waya ulikuwa msumarini. Kwenye laptopu simu ilikuwa ikiita, ikakatika. Ikaita tena, ikakatika. Rangi aliacha kutafuna kucha. Ikaita mara ya tatu, na mtu akapokea.

“Wewe,” ilisema sauti ya Shangazi. “Dawa umekunywa?”

Upande wa pili kitu kilianguka, kisha bomba likafunguliwa mahali fulani. “Nakunywa, dada,” ilisema sauti ya mzee, upole wa mtoto ndani yake. “Nakunywa. Nimeshasimama.”

Shangazi alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Kimya alizima jaribio. Akainuka, akachukua kikombe chake, akampa Dada Mkubwa kwa mikono miwili. Dada Mkubwa alikiosha taratibu kuliko vyote, akakikausha mpaka kwenye pengo la mdomo, na hakukilaza. Alikirudisha kwa mwenyewe. Kimya ndiye aliyekiweka juu ya sinia, mdomo chini, mkono wake ukitazama alikotaka yeye. Na meneja, alipokwisha kuliangalia sinia lote kutoka mwanzo hadi mwisho, akautoa waya msumarini.